Utunzaji wa Chanjo na Wajibu wa Kila Mfanyakazi katika Kliniki ya Daktari

Mazungumzo kwa wafanyakazi wa kliniki za madaktari wa familia mjini Birmingham, na kwa jamii wanazozihudumia



Katika kila kliniki inayotoa chanjo mjini Birmingham kuna jokofu ambalo halitakiwi kutiwa maziwa, chakula cha mchana wala sampuli za maabara. Kazi yake ni moja tu, kuhifadhi chanjo. Mazungumzo haya yanahusu jokofu hilo, na zaidi ya jokofu, yanawahusu watu wanaolizunguka. Neno lake kuu ni hili: chanjo iliyoharibika kwa kawaida haitofautiki kwa macho na chanjo iliyo nzima. Kwa hiyo mashine peke yake haitoshi kumlinda mtoto. Anahitajika mtu aliyekabidhiwa kazi kwa jina lake, daftari lililoandikwa kwa ukweli, na ujasiri wa kusema mapema jambo linapoharibika.

Kutoka Merca hadi Birmingham

Mji wa Birmingham una nafasi yake katika historia ya chanjo, na historia hiyo inauunganisha na pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia, alipanda gari ili kumwonyesha dereva njia ya kuwapeleka wagonjwa wawili wa ndui mahali pa kutengwa. Siku chache baadaye akaugua yeye mwenyewe. Akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na baadaye akajitolea kuhimiza chanjo ya polio nchini mwake hadi alipofariki mwaka 2013. Merca haiko mbali na Barawa, mji ambao wenyeji wake husema Chimwini, lahaja ya Kiswahili iliyo kaskazini kuliko zote.

Mwezi wa Agosti 1978, Janet Parker, mpiga picha wa kitabibu katika Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, aliugua ndui. Chumba alichofanyia kazi kilikuwa juu ya maabara iliyohifadhi virusi vya ugonjwa huo, ingawa namna virusi vilivyomfikia haikuthibitishwa kwa uhakika. Alifariki tarehe 11 Septemba 1978, naye ndiye mtu wa mwisho anayejulikana kufa kwa ndui. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano wa Afya Duniani ukatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha ulimwenguni.

Ushindi huo ulikuwa na sababu nyingi, na mojawapo yahusu moja kwa moja mazungumzo haya. Katika miaka ya 1950, Leslie Collier wa Taasisi ya Lister nchini Uingereza alitengeneza njia bora ya kuikausha chanjo ya ndui kwa baridi. Chanjo hiyo kavu iliweza kukaa mwezi mzima katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi bila kupoteza nguvu yake. Mchanjaji aliweza kuibeba mfukoni akavuka nayo jangwa. Chanjo nyingi za leo hazina ustahimilivu huo. Zinategemea baridi isiyokatika tangu kiwandani hadi mkononi mwa muuguzi, na safari hiyo yote huitwa mnyororo baridi. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika, na pete ya mwisho ni jokofu la kliniki.

Kichupa kisichosema

Wauguzi waliofanya kazi Tanzania, Kenya au Kongo kabla ya kuhamia Uingereza wanakumbuka alama ndogo iliyobandikwa kwenye chupa za chanjo: mraba ndani ya duara. Ilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya matone ya polio. Mraba huwa mweupe chupa inapokuwa mpya, nao huzidi kuwa mweusi kadiri chupa inavyopatwa na joto. Ukishalingana na duara kwa weusi, chupa haitumiki tena. Kwa alama hiyo, mhudumu wa zahanati ya kijijini huweza kuishika chupa na kuisoma habari ya joto lililoipata njiani.

Vichupa na sindano zinazotumika kwa kawaida katika kliniki za Uingereza havina alama hiyo. Hapa shahidi wa safari ya chanjo ni kipimajoto cha jokofu na daftari linaloandikwa na mfanyakazi. Daftari likiwa tupu, chanjo haina shahidi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Na hata pale alama ya mraba ilipo, husema habari za joto tu. Haisemi lolote juu ya chanjo iliyoganda.

Kuganda ni hatari ambayo wengi huisahau. Mtu wa kawaida hudhani kwamba kitu kikizidi baridi ndivyo kinavyozidi kuhifadhika, kama nyama. Kwa chanjo sivyo. Chanjo nyingi, zikiwemo za dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini ya aina ya B, zimechanganywa na chumvi za aluminiamu ili kuuamsha mwili vizuri zaidi. Maji yakiganda ndani yake, mchanganyiko huo huvunjika na nguvu ya chanjo hupotea. Aidha, kioo cha kichupa chaweza kupata nyufa nyembamba zisizoonekana, zikaingiza uchafu.

Joto nalo lina madhara yake. Nguvu inayopotea kwa joto hairudi, hata jokofu likipoa tena. Kila kipindi cha joto huongezwa juu ya kile kilichotangulia. Mwanga pia huziharibu baadhi ya chanjo, hasa ya surua, matubwitubwi na rubela; ndiyo maana chanjo hukaa ndani ya boksi zake za asili mpaka wakati wa kutumika.

Kwa sababu hizo zote, kipimo kinachotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na lengo la kila siku ni nyuzi 5, katikati ya mipaka hiyo, ili kuwe na nafasi ya kupanda na kushuka kidogo bila madhara.

Kilichomo hatarini

Miezi ya mwisho ya mwaka 2023 ilileta surua mjini Birmingham. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 hadi katikati ya Januari 2024, eneo la West Midlands lilikuwa na wagonjwa 216 waliothibitishwa na wengine 103 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo. Takriban asilimia 80 yao walikuwa Birmingham. Tarehe 19 Januari 2024 Shirika la Usalama wa Afya la Uingereza lilitangaza surua kuwa tukio la kitaifa. Ugonjwa huu huenea upesi mno, hata watu 95 katika kila 100 wanahitaji kuwa na kinga ili usipate njia ya kupita.

Katika hali kama hiyo, kila dozi ni nafasi ambayo huenda isirudi. Yupo mama aliyeahirisha mara tatu kwa sababu ya zamu za kazi, au kwa sababu ya maneno aliyoyasikia kwa majirani. Siku aliyokubali, alipanda basi mvuani pamoja na watoto wawili. Muuguzi akamchoma mtoto, akaandika katika kitabu chekundu cha afya ya mtoto, mama akarudi nyumbani moyo umetulia. Ikiwa chanjo ile ilikuwa imekwisha nguvu, kitabu kinasema mtoto amekingwa, lakini mwili wake haujui habari hiyo. Mama ametimiza wajibu wake wote. Pengo limetokea mahali asipoweza kupaona, nyuma ya mlango wa jokofu.

Mwezi wa Desemba 2020, dozi ya kwanza ya chanjo ya Pfizer dhidi ya UVIKO-19 nje ya majaribio ilitolewa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Coventry, si mbali na hapa. Chanjo ile ilihitaji kuhifadhiwa katika baridi ya takriban nyuzi 70 chini ya sifuri, nayo ikatunzwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu kila mtu alijua kwamba jambo hilo ni gumu. Jokofu la kawaida la kliniki huponzwa na ukawaida wake. Lafanana na la nyumbani, languruma pembeni siku zote, na watu huacha kulitazama.

Nani anafanya nini

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana kila kliniki hutakiwa kuwa na mtu mmoja aliyefundishwa, aliyetajwa kwa jina, ambaye utunzaji wa chanjo ni dhamana yake. Na awepo naibu wake, naye ametajwa kwa jina, kwa ajili ya siku za likizo na ugonjwa. Kusema kwamba "wauguzi wanaliangalia jokofu" hakutoshi. Kazi iliyokabidhiwa kwa kila mtu mara nyingi huwa haikukabidhiwa kwa mtu yeyote. Kliniki iliyopanga mambo yake vizuri huandika majina hayo mawili kwenye mlango wa jokofu, na mgeni yeyote huweza kuyasoma.

Mwenye dhamana huagiza chanjo, huzipanga, na huhakikisha vipimo vimeandikwa. Katika kuagiza, akiba isizidi mahitaji ya wiki mbili hadi nne. Jokofu lililojazwa kupita kiasi halipitishi hewa baridi sawasawa, na likiharibika, hasara huwa kubwa: chanjo zilizomo katika jokofu moja zaweza kufikia thamani ya maelfu ya pauni. Hatari hiyo huongezeka msimu wa chanjo ya homa ya mafua unapowadia, kwa kuwa boksi nyingi hufika kwa pamoja. Katika kupanga, zile zitakazokwisha muda mapema huwekwa mbele, wala boksi zisiguse ukuta wa nyuma wa jokofu, ambapo baridi huweza kugandisha.

Mhudumu wa mapokezi ni mlinzi wa lango la mnyororo baridi, ijapokuwa mara nyingi hakuna aliyemwambia hivyo. Mzigo wa chanjo unapofika, yeye ndiye anayeupokea kati ya simu mbili na foleni ya wagonjwa. Boksi likiachwa mezani pake hadi muuguzi amalize kliniki ya asubuhi, baridi iliyolindwa tangu kiwandani hupotea kwenye hatua ishirini za mwisho. Kwa hiyo afundishwe kulitambua boksi la chanjo, kulikagua kabla ya kutia sahihi, na kumwita mwenye dhamana papo hapo. Naye mwenye dhamana asimkaripie kwa kuitwa katikati ya kazi.

Msafishaji naye ana sehemu yake. Anafanya kazi jioni, wakati wengine wameondoka, na anahitaji mahali pa kuchomeka mashine yake. Inafaa jokofu liunganishwe na umeme kwa njia isiyozimika kwa bahati mbaya, bila swichi ya ukutani; na pasipowezekana, plagi ibandikwe onyo kubwa, katika lugha ambayo msafishaji huyo anaisoma. Onyo la Kiingereza peke yake halimlindi mtoto ikiwa anayelipita kila jioni husoma Kiswahili, Kifaransa au Kisomali.

Meneja wa kliniki anahakikisha jokofu ni la kitabibu, si la nyumbani; kwamba liko kwenye chumba chenye hewa, mbali na jua na vipasha joto; kwamba mlango wa jokofu au wa chumba hufungwa kwa ufunguo; kwamba fundi hulikagua na kipimajoto huhakikiwa kila mwaka; na kwamba upo mpango ulioandikwa wa mahali pa kuzipeleka chanjo umeme ukikatika. Madaktari wenye kliniki ndio wanaobeba jukumu la mwisho. Wasaidizi wao hutazama kama wakubwa wanalijali jokofu, na hufuata mfano huo.

Matendo manne ya kila siku

Angalau mara moja kila siku ya kazi, mwenye dhamana au naibu wake hutenda mambo manne mbele ya jokofu. Huko Afrika Mashariki, wahudumu wengi wamezoea kupima asubuhi na jioni. Desturi hiyo ni njema, na hakuna sababu ya kuiacha kwa kuwa mtu amehamia nchi ya baridi.

La kwanza ni kusoma. Asome namba tatu: joto la sasa, joto la juu kabisa na joto la chini kabisa tangu kipimo kilichopita. Joto la sasa peke yake ni sawa na kumuuliza mtoto kama amelala vizuri wakati tayari ameshaamka na kunawa uso.

La pili ni kuandika. Namba zote tatu ziandikwe, pamoja na tarehe, saa, na sahihi ya aliyesoma. Asiyeandika ni kama hakusoma.

La tatu ni kukirudisha kipimajoto mwanzo. Kifaa kisiporudishwa, namba kubwa ya wiki iliyopita hubaki ikionekana kama ya leo, na hitilafu mpya hujificha nyuma ya ile ya zamani.

La nne ni kuchukua hatua. Namba ikiwa chini ya 2 au juu ya 8, kuiandika hakutoshi. Wapo waliojaza daftari zuri kwa mwezi mzima, namba 9 na 10 zikifuatana kwa mwandiko safi, bila mtu yeyote kuuliza. Daftari la namna hiyo ni ushahidi dhidi ya kliniki yenyewe.

Mfano wa Jumatatu asubuhi

Uchukuliwe mfano wa kliniki isiyo na jina, ambayo yaweza kuwa yoyote. Ijumaa jioni msafishaji alichomoa plagi ya jokofu ili achomeke mashine ya kufyonza vumbi, akasahau kuirudisha. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mhudumu wa mapokezi aliikuta plagi sakafuni, akaichomeka kwa nia njema, akaendelea na simu zake. Saa tatu muuguzi alifungua kazi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 7. Mama wa kwanza alikuwa tayari ameketi nje na mtoto wa miezi miwili.

Kama muuguzi angetazama joto la sasa tu, siku ingeendelea kama kawaida. Lakini alisoma namba zote tatu, na joto la juu kabisa likawa nyuzi 19. Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza.

Hakukirudisha kipimajoto mwanzo kabla ya kuandika. Aliandika namba zote na saa. Alisimamisha uchanjaji mara moja. Hakuzitupa chanjo, alizihamishia kwenye jokofu la pili lililokuwa likifanya kazi vizuri, akazitenga na nyingine, akaziwekea karatasi iliyoandikwa "Zisitumike". Alimwita meneja. Wakapiga simu kwa timu ya chanjo ya Huduma ya Afya ya Taifa ya eneo lao na kwa watengenezaji wa chanjo, wakatoa orodha ya kila chanjo, idadi yake na namba ya toleo lake, pamoja na muda iliokaa kwenye joto.

Muda huo ndio uliokuwa swali zito. Jokofu lilianza kupata joto saa ngapi? Pasipokuwa na kifaa kinachorekodi joto mfululizo, hesabu huanzia kwenye kipimo salama cha mwisho kilichoandikwa. Kama kipimo hicho ni cha Ijumaa jioni, wataalamu wana msingi wa kuamua, na huenda baadhi ya chanjo zikaonekana kuwa bado zafaa, kwa kuwa si zote zinazodhuriwa sawa na joto. Kama kurasa za Ijumaa na Alhamisi ni tupu, hesabu hurudi nyuma hadi Jumatano, na sehemu kubwa ya chanjo huenda ikapotea. Zaidi ya hayo, huzuka swali kuhusu watoto waliochanjwa Alhamisi na Ijumaa: je, waitwe tena? Tofauti kati ya hali hizo mbili ni dakika mbili za kuandika.

Baada ya hayo, muuguzi alitoka nje kwa yule mama. Angeweza kusema kwamba muuguzi mwenzake ni mgonjwa, au kwamba kompyuta imeharibika. Alisema kweli: jokofu lilipata hitilafu, chanjo zinachunguzwa, na mtoto hatachomwa dawa isiyo na uhakika. Alimwomba radhi, akampa siku nyingine ya karibu. Mama hakufurahi; alikuwa ameomba ruhusa kazini. Lakini aliondoka akijua kwamba kliniki hii humwambia mtu ukweli hata unapoiaibisha, na hiyo ndiyo sababu ya kurudi.

Kosa na lawama

Katika mfano huo, ni rahisi kumwelekezea kidole msafishaji. Lakini hakuna aliyemweleza jokofu lile ni la nini, wala plagi haikuwa na onyo analoweza kulisoma. Ni rahisi pia kumlaumu mhudumu wa mapokezi kwa kunyamaza. Huenda siku za nyuma aliwahi kuripoti jambo dogo akakaripiwa mbele ya watu. Kliniki inayoadhibu kila anayesema hujifunza kunyamaza, na katika ukimya huo chanjo huharibika bila mtu kujua.

Jambo hili huwagusa kwa namna ya pekee wafanyakazi waliotoka ng'ambo. Wengi wamelelewa kumheshimu mkubwa na kutomkosoa hadharani. Heshima hiyo ni hazina, wala haipasi kutupwa. Hata hivyo, kumwambia daktari kwamba jokofu limesoma nyuzi 11 si kumvunjia heshima. Ni kumwokoa na aibu kubwa zaidi. Vivyo hivyo daktari anayemshukuru msafishaji mbele ya wenzake kwa kutoa taarifa anaijenga kinga ambayo haiuzwi kiwandani. Baada ya tukio, kliniki hukaa pamoja, huuliza ni kitu gani kilichoruhusu kosa litokee, hubadilisha utaratibu, na huandika kilichobadilishwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno kwa wazazi

Mzazi anayesikia mazungumzo haya asiingiwe na hofu. Taratibu zote zilizotajwa zipo kwa sababu zimefanyiwa kazi kwa miaka mingi, na hitilafu inapotokea, kuna njia ya kuigundua na kuirekebisha. Chanjo iliyopoteza nguvu, kwa kawaida, haimgeuzi mtoto kuwa mgonjwa. Tatizo lake ni kwamba huenda isimkinge. Ndiyo maana, pale ambapo shaka ipo, familia huitwa na kupewa ushauri kama dozi irudiwe. Kuitwa tena ni dalili kwamba kuna watu walioliangalia daftari.

Mzazi ana haki ya kuuliza. Aweza kumuuliza muuguzi jina la chanjo, ugonjwa inaoukinga, na kama imehifadhiwa ipasavyo. Aweza kuomba mkalimani, na huduma hiyo haimgharimu chochote katika kliniki ya Huduma ya Afya ya Taifa. Muuguzi aliyelisoma jokofu lake asubuhi hataudhika kwa swali hilo. Atajibu kwa furaha, kwa kuwa jibu analo.

Mambo ya kukumbuka

• Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Lengo ni 5. Kuganda hudhuru kama joto.
• Mwenye dhamana na naibu wake watajwe kwa majina, na majina hayo yaonekane.
• Kila siku ya kazi: kusoma namba tatu, kuandika, kukirudisha kipimajoto mwanzo, kuchukua hatua.
• Mzigo wa chanjo ukifika, uingie kwenye jokofu mara moja.
• Plagi ya jokofu isichomolewe. Onyo liandikwe katika lugha za wote wanaofanya kazi hapo.
• Hitilafu ikitokea: kusimamisha uchanjaji, kuzitenga chanjo katika baridi sahihi, kutozitupa, kuandika kila kitu, kuomba ushauri siku hiyo hiyo.
• Anayetoa taarifa ya kosa hushukuriwa.

Ndui ilimalizika kwa mikono ya maelfu ya wachanjaji ambao wengi wao hawakuandikwa majina yao popote. Surua haijamalizika, nayo imeonyesha kwamba yaweza kurudi Birmingham wakati wowote. Atakayeizuia ni mfanyakazi ambaye kesho asubuhi, kabla ya kuvua koti, atasimama mbele ya jokofu, atasoma namba tatu, na kuziandika kama zilivyo.